Taa Zilizounguza Miche ya Nkoma

Bariadi, alasiri

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Upo nyumbani unakunja nguo, unazikunjua, unazikunja upya, na mama yako anakuambia begi halijifungi kwa kutazamwa. Hali yangu mimi ni uchovu. Nimeshusha mlango wa kibanda nusu, nimekaa kwenye benchi la kazi na daftari la mraba, na kila nikiandika mstari mmoja natafuta bisibisi isiyopotea.

Mambo ya safari sitayagusa. Nauli uifiche wapi, stendi ya Mwanza usimwachie nani begi, maji uyachemshe, simu usiizime, hayo yote mama yako ameyahubiri tangu Jumapili. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikwepa kwa mwaka na nusu. Ni ule moto wa chumba cha miche. Halikuwa kosa lako, Kabula. Lilikuwa kosa langu, na nimelijua tangu siku ya tatu baada ya moto.

Nimeliandika hilo mapema kwa sababu najijua. Naweza kuanza kueleza kwa nini taa imeungua nikamalizia kwa bei ya saruji, na mteja akaondoka bila jibu. Sasa jibu unalo. Yanayofuata ni maelezo tu, na nakuomba uyasome kama fundi anayetaka kujua hitilafu iko wapi, usiyasome kama mtoto anayebembelezwa ili anyamaze.

Unakumbuka tulivyoanza. Inzi weupe walikuwa wanamaliza miche ya nyanya ya kila mtu. Majani yanajikunja, yanageuka njano, mche unadumaa. Wewe ndiye uliyesema miche ilelewe ndani, chumba kizibwe kwa wavu, na badala ya jua tuwashe taa. Nilicheka sana. Nikasema Wasukuma wamelima tangu zamani bila kuiwashia nyanya taa. Wiki mbili baadaye nilikuwa nasafisha stoo ya pamba ya marehemu babu yako, napigilia rafu za mbao, na kumwambia kila aliyepita kwamba nimepata wazo. Hata hilo nilikunyang'anya, naliona sasa ninapoliandika.

Ile mikanda ya kwanza ya taa, mirefu yenye mwanga mweupe, ilifanya kazi vizuri. Aina moja ya mkanda, draiva moja, kile kiboksi cha kuilisha umeme, basi. Miche ilitoka na mashina manene mpaka watu wakaja kuipiga picha. Habari zikafika Nkoma. Mama Limbu na wenzake kumi na mmoja wa kikundi cha bustani wakaja na mbegu zao wenyewe ndani ya kopo, wamelifunga kitambaa kama dawa. Walikuwa wameshatengeneza matuta kando ya lambo. Walichosubiri ni miche tu, na ilibidi iwahi, maana kiangazi kikikolea maji ya lambo hayamsubiri mtu.

Rafu hazikutosha, nikaongeza mikanda ya pili. Ilikuwa mifupi, ya mwanga wa zambarau, niliipata Mwanza kwa fundi aliyekuwa anafunga duka. Draiva yake hakuwa nayo. Nikaifunga kwenye draiva ileile ya mikanda myeupe, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kama nilivyofunga taa maisha yangu yote.

Hapo ndipo ulipo ujinga wangu, na ni ujinga wa fundi aliyelelewa na batri. Nilianza kazi kwa kufunga taa za sola vijijini, Ipililo, Mkula, kote ambako nguzo za umeme zilikuwa bado ni ahadi. Batri ya volti kumi na mbili ni kama sufuria ya ugali. Funga taa kubwa, funga taa ndogo, kila moja itamega tonge lake na hakuna itakayovimbiwa. Mkono wangu ulizoea hivyo, na mkono uliozoea hauulizi. Draiva ile haikuwa hivyo. Yenyewe inasukuma mkondo kiasi kilekile saa zote, uwe umefunga mkanda mmoja au mitatu, halafu inaiacha mikanda igawane yenyewe. Ikifanana, inagawana sawa. Ikitofautiana, ule unaoridhika na volti ndogo unapokea karibu mkondo wote, na ule mwingine unabaki kumulika kama kibatari.

Wewe uliliona siku hiyohiyo. Ulisimama katikati ya rafu ukasema, "Baba, hii mipya inawaka kupita kiasi, na hii myeupe imefifia."

Nikakujibu, "Kipya kinyemi." Sikuimalizia methali. Ningeimalizia labda ningejisikia ninachosema.

Ukaugusa mgongo wa mkanda ukautoa mkono haraka. Ukaichukua draiva, ukaigeuza, ukasoma kibandiko. "Hapa hawajaandika volti moja, baba. Wameandika kuanzia hii mpaka hii. Mkondo ndio mmoja. Mwalimu wa fizikia alituambia kwamba..."

Nikakukatisha. Kulikuwa na mteja mlangoni ameleta pasi, na mbele yake nikakuuliza, "Fundi hapa nani?"

"Ni wewe, baba."

Ukairudisha draiva mahali pake.

Nikuambie kilichoniuma siku ile. Kibandiko kile kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye kuwasha na kuzima. Ufundi nimejifunza kwa kufungua redio za watu na kumwomba Mungu niweze kuzifunga tena. Kwa miaka ishirini na tano nimetembea na hofu kwamba siku moja atatokea mtu aliyesoma, aniangalie mikono, aone kwamba nusu ya kazi nabahatisha. Sikutegemea atokee kwangu, akiwa na sare ya kidato cha nne. Baba mwenye akili angefurahi. Mimi niliona nimevuliwa shati hadharani.

Siku ya nne tangu nifunge mikanda ile, saa kumi hivi, jirani akaona moshi. Wewe ulikuwa umeshamwagilia miche ukaenda kumsaidia mama yako. Mimi nilikuwa hapahapa kibandani. Mikanda ya zambarau nilikuwa nimeipigilia kwenye mbao kavu, bila bati la kuipooza, na nyuma yake nimesimamisha maboksi yenye karatasi ya kung'aa ili mwanga urudi kwenye majani. Boksi lilishika moto. Tulizima kwa mchanga na ndoo. Chumba kilipona. Miche ya Nkoma haikupona hata mmoja.

Mama Limbu alifika kabla jua halijazama. Akasimama mlangoni akizitazama trei zilivyoyeyuka zikashikana. Akauliza, "Imekuwaje?" Hakuuliza kwa ukali, Kabula. Nimelirudia swali lile mara nyingi kichwani na kila mara halina ukali. Lilikuwa swali la kujibika. Mimi nikanyoosha mkono kwako, mbele ya watu wote uani, nikasema, "Huyu mtoto amezimwagia taa maji."

Ulikuwa umeshika keni ya kumwagilia. Ukaiangalia. Watu walidhani umeinamisha kichwa kwa aibu, lakini mimi baba yako niliona ulichokuwa unafanya: ulikuwa unajaribu kukumbuka kama kweli ulimwaga. Halafu ukasema, "Naomba mnisamehe."

Siku ile naweza kujidanganya kwamba niliamini nilichosema. Nilitaka kiwe kweli, na mtu akitaka sana jambo liwe kweli hulisema kwa sauti kubwa. Siku ya tatu baada ya moto nilijifungia na mabaki. Nikachukua mkanda mmoja wa zambarau uliosalimika, mmoja mweupe, na ile draiva, maana yenyewe haikuungua, nikafunga vilevile nilivyofunga mwanzo. Nikaweka mita kwenye kila upande. Huku mweupe, mshale ulijitikisa tu kidogo. Huku zambarau, karibu mkondo wote. Nikaweka kidole mgongoni mwa mkanda, sikufika kuhesabu tano. Hapakuwa na tone la maji mle ndani. Nikazima, nikakaa chini sakafuni kwenye masizi.

Siku tatu nilidhani. Mwaka na nusu nimejua.

Utauliza kwa nini sikutoka pale sakafuni moja kwa moja mpaka kwa mama Limbu. Nilikuwa nazungumza na watu wa jengo moja jipya mjini wanipe kazi ya kulifunga umeme lote, na nikajiambia fundi aliyeunguza chumba chake mwenyewe nani atampa jengo. Nikajiambia nitasema kazi ikishatoka. Kazi ikampata mwingine, nikabaki na uongo bila hata faida yake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, sijui kwa nini haikufika mwisho mapema nikapumzika.

Lakini sababu yenyewe, ile ya chini kabisa, ni nyingine, na imenigharimu usingizi kuikubali. Nilijua utakubali. Kaka yako ningemsingizia angepiga kelele mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wewe tangu mdogo mzigo ukiwekwa kati ya watu wawili, wewe ndiye unayeinama kwanza. Ukitumwa maji unakwenda, ukiambiwa rudia unarudia. Watu wakisema mtoto wa Masanja ana adabu, mimi nilivimba kichwa, na kumbe nilikuwa nakutumia. Lawama ile ingegawanywa kwa haki, nyingi ingekuwa yangu na kwako isingefika hata chembe. Nikaiachia ikimbilie kwa anayeipokea kirahisi. Mikanda yangu ilikuwa imenionyesha jambo hilohilo kwenye mita, na bado sikuona.

Baadaye nilifunga upya kila aina ya mkanda na draiva yake. Ulikuja ukaona nyaya nilivyozitenganisha. Ulisimama pale muda mrefu kidogo. Nilisubiri uulize, na nilikuwa nimeshaandaa uongo mwingine. Hukuuliza. Tangu siku hiyo hukukanyaga tena chumba cha miche, na kibandani ulikuja kuleta chakula tu. Sijui kama ulielewa ukanisitiri, au kama hukuelewa ukaendelea kujilaumu. Yote mawili yananichoma.

Kisha ikaja ile fomu ya chuo cha ufundi unakokwenda kesho. Toka darasa la tano ulikuwa unasema utasomea umeme. Ulivunja tochi mbili za mama yako kwa ajili hiyo. Ukaniletea fomu nisaini, nikaona umeandika ushonaji. Nikauliza, nikijifanya siulizi sana, "Si ulikuwa unataka umeme?"

Ukasema, "Umeme unataka mtu mwangalifu, baba."

Nikasaini. Nimefanya makosa mengi Kabula, nimewahi kugeuza nyaya za sola ya mwalimu nikaua redio yake, nimewahi kulewa siku ya kipaimara cha kaka yako. Hakuna hata moja ninalolionea aibu kama ile saini. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa sentensi moja tu: mwanangu, hukumwaga maji. Nikaandika jina langu badala yake.

Mama yako nilimwambia juzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo usiniambie mimi," akaendelea kukata mboga. Tangu hapo ananiwekea chakula na hanisemeshi. Umekuwa ukidhani nyumba imenyamaza kwa sababu ya safari yako. Imenyamaza kwa sababu yangu.

Leo asubuhi nilikwenda Nkoma. Nilimkuta mama Limbu anatoka palizi ya pamba, jembe begani, miguu ina tope. Nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola."

Akanitolea kiti, akaketi kwenye gogo, nikamweleza yote. Nilianza na habari za draiva, akaniambia, "Baba Kabula, mimi sijui hizo. Nani aliunguza miche yetu?" Nikasema ni mimi. Akauliza, "Na mtoto?" Nikasema mtoto hakufanya kitu, aliniambia mapema nikamkatalia.

Akajikwangua tope kwa kijiti. Kisha akasema, "Unajua mwanao alikuja hapa?"

Sikujua, Kabula. Hukuniambia.

"Alikuja peke yake, wiki ileile. Kwa miguu. Akapiga magoti pale, kwenye vumbi, akaomba msamaha kwa ajili ya miche. Nikamwita mzembe. Nikamwambia kwa sababu yake maji ya lambo yatakauka hatujapanda kitu. Sikumwambia anyanyuke mpaka nilipomaliza yote yaliyokuwa moyoni." Akanitazama. "Wewe leo nimekupa kiti."

Nilinyanyuka. Sikujua niende wapi, nikabaki nimesimama mbele yake kama mwanafunzi. Akasema Jumamosi wanakutana wote kumi na wawili, nirudi nikaseme mbele yao, maana siku ile nilisema mbele ya watu. Nimekubali. Wataniita majina, na huenda kazi za Nkoma na za jirani zikaniponyoka. Nimechoka kuogopa hilo. Akaniambia pia nikufikishie kwamba neno lile mzembe amelirudisha, na kwamba angependa kukuambia mwenyewe, ukija likizo.

Mchana nimepiga simu chuoni. Mwalimu aliyepokea amesema ndani ya wiki mbili za kwanza mwanafunzi anaweza kubadilisha fani kama nafasi ipo, na kwenye umeme wa majumbani nafasi zipo. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Sikuambii ubadilishe. Nimeshakuamulia mambo ya kutosha bila kufungua mdomo. Cherehani ya mama yako ndiyo iliyotulisha miaka ambayo redio za watu hazikuharibika, na ukiipenda kazi hiyo, isomee kwa moyo wote. Ila usiende kuishona hofu niliyokupa mimi. Mikono yako ni ya uangalifu. Ndiyo pekee iliyougusa ule mkanda ikajua kuna tatizo, wakati yangu ilikuwa mfukoni.

Na huko uendako watakuja watu wengine kama mimi. Watakuwa na vyeo, watakuwa na sauti, wengine watakupenda kweli. Mtu akikukabidhi lawama, usiipokee hapohapo kwa sababu ya heshima. Iweke mezani kwanza, uipime. Kama ni yako, ibebe, najua utaibeba vizuri. Kama si yako, mrudishie mwenyewe, hata akiwa na mvi.

Barua hii nitakupa jioni hii kabla hatujala, na nitatoka nje ili uisome bila uso wangu. Sikuombi unijibu. Sikuombi hata unisamehe, maana ninakujua, ukiombwa tu utakubali, na mimi msamaha wa namna hiyo nimeshautumia vya kutosha.

Kesho asubuhi, kabla ya basi, utakuja kunisalimia. Tangu umeanza kutembea umenisalimia kwa kupiga magoti, kama bibi yako alivyokufundisha. Kesho usipige. Nisalimie umesimama, unitazame machoni, nami nitaitikia. Na kama hutaki kunisalimia kabisa, sawa. Nitalibeba begi lako mpaka stendi hivyohivyo, nikiwa nyuma yako.

Baba yako,
Masanja